Kiti cha Mzee Semboja na Sehemu ya Pili

Hapo zamani, si zile za wafalme, ni hizi za juzi za kanda za video, mjini Handeni palikuwa na banda la filamu. Bi Zuena na mumewe, Mzee Semboja, hawakulikosa. Filamu yao kipenzi ilikuwa ya mfalme aliyepanda joka kumtafuta mkewe. Mzee akafa ghafla shambani, sehemu ya pili haijafika.

Bi Zuena akanyamaza. Eda ikaisha, yeye kimya. Uji ukaletwa, ukapoa, ukaondolewa. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba huyu naye anamfuata mumewe, na kusema kweli, alikuwa anamfuata.

Ndipo habari zikaja kwamba sehemu ya pili ipo Tanga. Jirani yake, Shekiondo, akaifuata kwa baiskeli, siku mbili kwenda, siku mbili kurudi, kanda kaifunga tumboni isilowe mvua.

Mwantumu, mke wa mwana wa Bi Zuena, akamwambia mama mkwe wake, "Mama, twende tukamjulie hali Mhina, kazidiwa." Uongo mtupu! Mhina alikuwa mzima wa afya. Yeye ndiye mtafsiri wa banda, anayeshika kipaza sauti na kuwasemea waigizaji kwa Kiswahili.

Bi Zuena alipojikuta bandani alikunja uso. "Sehemu ya pili huwa makapi," akasema. Akakaa tu kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka.

Filamu ikaanza. Joka likaungua mabawa, Bi Zuena akainua uso. Joka likaanguka, akamshika Mwantumu mkono. Mwisho mfalme akafa, na alikufa kimya, midomo kaifumba. Mhina akamtazama yule mjane, kisha akasema kwa sauti ya mfalme, "Mke wangu, nimeondoka bila kukuaga. Nisamehe. Kula, ulale, uishi."

Bi Zuena akalia kwa sauti, na banda zima likamwacha alie. Alipomaliza akasema, "Nilidhani makapi, kumbe imeipita ile ya kwanza!" Siku hiyo akala, akaomba aongezewe.

Kesho yake akawaita wote watatu. "Mzee wangu alichonga kiti cha mninga kwa mkono wake. Tangu afe hakijakaliwa. Nampa aliyenirudisha duniani."

Shekiondo akasema, "Bila kanda mngetazama ukuta. Nani aliyeifuata?"

Mwantumu akasema, "Bila uongo wangu kanda ingeonyeshwa, Mama angebaki kitandani. Nimemdanganya mama mkwe wangu, na dhambi hiyo ni yangu peke yangu."

Mhina akasema, "Bibi, mfalme hakusema neno. Maneno yale niliyatunga mimi."

Bi Zuena akauliza polepole, "Hakuaga?"

"Hakuaga, Bibi."

Shekiondo akaruka. "Mhina! Kwa ajili ya kiti umemnyang'anya mama wa watu maneno yale?"

"Nilimpa mimi," Mhina akajibu, machozi yanamlengalenga. "Nimwache aishi kwa uongo wangu?"

Bi Zuena akaweka kiganja juu ya kiti.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msiinamishe vichwa. Mmoja alisafiri, mmoja alidanganya akamtoa kitandani, mmoja alidanganya akakiri. Je, mkono ule juu ya kiti ungekuwa wako, ungempa nani?