Waliomfundisha Bi Mgeni Kuamkia

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana kisa chenyewe ni cha simu na sitaki kushindana nayo. Nitawapa watu watatu na kiti kimoja. Nikimaliza mtaniambia nani akikalie, na anayedhani ni rahisi aweke jibu lake mfukoni kwanza.

Morogoro mjini, ghorofani juu ya duka la mabati, palikuwa na chumba cha kupokea simu. Kampuni ilikuwa ya watu wa ng'ambo, ikiuza taa za sola vijijini. Taa ikigoma kuwaka, mteja alipiga simu pale, akapokelewa na mtu mwenye hedifoni kichwani. Chumba kilijaa watu, na wote walimshukuru Mungu kwa kuwa na kazi ya kukaa kivulini. Humo ndimo walimokuwa hawa watatu wangu.

Zaituni alijaliwa sauti. Mteja akimsikia tu, hasira zilishuka hata kabla ya kuambiwa lolote. Nyumbani kwake yeye ndiye aliyeleta unga, kwa sababu mumewe, Hamza, alikuwa fundi wa kiwanda cha nguo, na kiwanda kilifungwa nguo za nje zilipojaa sokoni kwa bei ya kutupa. Tangu hapo Hamza huamka alfajiri, huoga, huvaa shati la kazini, halafu hukaa. Zaituni hakuhitaji kusimuliwa ukosefu wa kazi ni nini. Alikuwa analala nao kitanda kimoja.

Mbonea alijaliwa maneno. Alikuwa na digrii, na aliwahi kuizungusha katika bahasha ya kaki ofisi hadi ofisi, mpaka walinzi wa mageti wakawa wanamwita kwa jina. Alijua lini umwambie mtu pole, lini umuulize habari za watoto, na lini unyamaze umwache aseme mpaka aishiwe.

Nyamizi alijaliwa sikio. Baba yake alikuwa mtumishi wa reli, leo kahamishiwa stesheni hii, kesho ile, na binti akakua akisikia Kiswahili cha kila kona ya nchi. Mtu azungumze hana meno, azungumze akilia, azungumze amelewa chakari, Nyamizi alimwelewa. Na alikuwa akikisia umri wa mtu kwa sauti tu, hakosei.

Basi siku moja meneja wao, Bwana Kessy, akaleta habari. Wenye kampuni wametuma mtambo wa kupokea simu wenyewe, pasipo mtu. Akasema utawapunguzia kazi, na kweli hakudanganya. Wapokea simu wakaupa jina la Bi Mgeni, kwa sababu ulikuwa unaingia bila hodi. Mteja akipiga, Bi Mgeni alimwambia, "Eleza tatizo lako." Hamjambo hakuna, habari za huko hakuna. Watu wazima walikata simu wakidhani wamepiga kituo cha polisi. Bibi mmoja wa Mahenge aliuliza binti huyu kalelewa na nani, akaambiwa bonyeza moja.

Haikuchukua muda Kessy akatangaza kwamba wakubwa wamekata tamaa, mwisho wa mwezi Bi Mgeni anaondolewa. Chumba kizima kilishangilia. Asteria, aliyekaa meza moja na Zaituni, akawanunulia watu soda.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo walipojimaliza. Wangemwacha Bi Mgeni na utovu wake wa adabu, leo hii wangekuwa kazini na mimi nisingekuwa na kisa. Lakini siku hizo za mwisho alipiga mzee mmoja wa Malinyi. Mkewe alikuwa mgonjwa, taa ya chumbani imezimika, na kila akipiga alikutana na Bi Mgeni. Alipofanikiwa kumpata Zaituni, hakuanza na taa.

"Mwanangu," alimwambia, "mmemweka nani hapo mlangoni? Nimemsalimia, hakuitika."

Zaituni aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyeamkuliwa akanyamaza. Wakati wa chai akawasimulia Mbonea na Nyamizi, nao wakaona aibu vilevile. Walikubaliana kwamba hata kama mtambo unaondoka, usiondoke ukiwa bado unawadharau wazee wa watu. Wakamwendea Kessy, wakamwomba awaruhusu waufundishe adabu kidogo. Nawaulizeni, ni nani mwingine duniani angefanya kosa la namna hiyo? Ni sisi tu, ambao salamu isiyoitikiwa inatunyima usingizi.

Zaituni akaanza kwa kuitoa sauti yake. Aliketi mbele ya kinasa sauti akasoma kila alichopewa, mpaka koo likakauka. Wakamvika Bi Mgeni sauti hiyo. Ikawa tamu kweli, lakini bado ikawa inasema, "Eleza tatizo lako," na utamu ule ukafanya ukali uume zaidi.

Mbonea akaleta maneno. Aliandika shikamoo na marahaba, habari za asubuhi na za mchana, pole ya taa na pole ya msiba, na jinsi ya kupenyeza swali la betri katikati ya habari za mvua. Bi Mgeni akawa muungwana. Ila uungwana wake ulikuwa kipofu: mtoto wa darasa la pili aliyechezea simu ya mama yake aliamkiwa shikamoo, na babu mwenye vitukuu akaulizwa, "Hujambo, mwanangu?"

Ikabaki kazi ya Nyamizi. Alisikiliza simu zilizorekodiwa, moja baada ya nyingine, akiuambia mtambo huyu ni mzee, huyu ni kijana mwenye mafua, huyu halii bali ndivyo kwao wanavyoongea. Mtambo ukashika. Bibi wa Ifakara akapiga, akaamkiwa vizuri, akaulizwa hali, akapewa pole, taa ikawaka, na kabla hajakata akasema Mungu akukuze, mwanangu. Pale chumbani watu walipiga makofi. Kisha makofi yakafifia, kwa sababu kila mtu alikuwa ameanza kufikiri.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Habari zilifika ng'ambo, Bi Mgeni hakuondolewa, wakaondolewa watu. Asteria na wengine wote walirudisha hedifoni zao na kushuka ngazi wakipitia kwenye mabati. Waliobakizwa juu ni hawa watatu, na Kessy akawapa shukrani za wakubwa. Akawaambia inatakiwa nafasi ya mtu mmoja wa kumlea Bi Mgeni, kumsikiliza na kumrekebisha. Ni ajira ya kudumu.

"Wakubwa wamesema mchague wenyewe, ninyi ndio mnajuana," alisema. "Nileteeni jina moja kabla ya Ijumaa saa sita. Msipokubaliana, kazi itafanywa na mtu wao wa nchi nyingine, hata kama Kiswahili hajui."

Walikaa kwa mama lishe ng'ambo ya barabara na sahani ya ndizi ambayo hakuna aliyeigusa. Watu waliokuwa wakigawana andazi moja sasa wakawa wanaangaliana kwa pembe ya jicho, na hilo ndilo lililomuuma Zaituni kuliko kufukuzwa.

Nyamizi alitangulia. "Sauti yako wanayo tayari, Zaituni. Maneno yako yako mle ndani, Mbonea. Hawawahitaji tena. Lakini kila siku atapiga mtu anayeongea kwa namna mpya, na hapo wanahitaji sikio. Mkinipa mimi, kazi itafanyika."

Mbonea akamjibu kwamba wakienda kwa hesabu hiyo wanawasaidia wakubwa kuwatupa watu vizuri zaidi. Sauti ya Zaituni inasema alichoandika yeye Mbonea, na sikio la Nyamizi linachagua katika hayohayo. Pasipo maneno kungekuwa na mdomo wazi na sikio wazi, basi. Kisha akakumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba miaka yake ya bahasha ya kaki wote wanaijua, na kwamba safari hii hana nguvu ya kuyarudia mageti yale.

Zaituni alisema wa mwisho. Alikuwa na jambo ambalo hata Hamza hakuambiwa. Jumatatu ya wiki ile alikuwa ameona tangazo la kampuni ya mabasi iliyotafuta mpokea simu, akapiga kuulizia. Mama mmoja akapokea. Zaituni akamwamkia, akaanza kujieleza.

"Hakunijibu," aliwaambia wenzake. "Nilimsikia akimwambia mtu wa pembeni, ni ile mashine ya sola. Akakata. Ninyi mkitoka hapa mnaondoka na mlichokuja nacho. Mbonea atakuwa na maneno mengine, Nyamizi masikio yake anayo. Mimi nikifungua mdomo, watu wanadhani ni yeye."

Kwa bahati mbaya au nzuri, Asteria alikuwa amekaa benchi la nyuma na chai yake ya rangi, na alikuwa amesikia yote. Akageuka. Hakupaza sauti.

"Mimi naona asiende yeyote," alisema. "Mwacheni na mtu wao asiyejua Kiswahili. Bi Mgeni ataharibika, ataanza tena kuwatukana watu, wateja watakimbia, na wakubwa watatuita turudi wote. Mlitutoa kazini kwa adabu zenu. Turudisheni kwa kunyamaza."

Mbonea akasema huenda wasiitwe kamwe. Nyamizi akauliza, je, mzee wa Malinyi naye asote gizani huku wakisubiri kuitwa? Asteria akamwambia mzee wa Malinyi ana taa ya sola, yeye Asteria hana hata unga.

Ilipofika Ijumaa walikuwa bado hawajakubaliana. Wakaamua Zaituni ndiye apande ngazi, ataje jina moja analoona ni la haki, nao watalipokea lolote litakalokuwa. Msidhani ni mapenzi. Walimchagua kwa sababu kila mmoja aliamini Zaituni ataona haya kujitaja.

Akapanda. Chumba kilikuwa na meza tupu na viti vimepandishwa juu yake. Kessy alikuwa amefungulia spika ili asikilize simu zinavyokwenda, na Zaituni akaisikia sauti yake mwenyewe ikimwamkia mtu fulani, mtu huyo akaitika marahaba kwa furaha. Alisimama mlangoni mpaka salamu ilipokwisha. Alichukia jinsi ilivyokuwa nzuri.

Kessy akaangalia saa, akashika kalamu. "Haya dada, nani?"

Mimi nimeishia hapo. Zaituni bado amesimama mlangoni na saa sita inagonga, kwa hiyo msimcheleweshe. Amtaje mwenye sauti, ambaye hana tena cha kwenda kuombea kazi? Amtaje mwenye maneno, ambaye hana pengine pa kurudi ila kwenye mageti? Amtaje mwenye sikio, ambaye ndiye pekee kazi bado inamhitaji? Au afumbe mdomo, ageuke, ashuke ngazi, kwa ajili ya Asteria na wale wote waliopita kwenye mabati?

Wewe uliyeweka jibu mfukoni tangu mwanzo, litoe sasa. Ungemtaja nani, na ungewaambia nini wale wanaokusubiri chini?