Mkia wa Gauni la Malkia

"Mimi ndiye niliyemwokoa Malkia!" alifoka Mwatime, muuza kahawa.

"Wewe?" Kombo mpiga zumari akacheka. "Dada, wewe ulikuwa unacheza ngoma tu!"

"Nilikuwa naonyesha moto, mjinga wewe!"

Mnataka kujua moto gani? Sogeeni.

Hapo zamani, katika nchi ya Kitundu, Malkia Tausi aliamua kwamba Kiingereza ndicho kiwe lugha ya serikali. Kesi, vyeti, matangazo, vyote Kiingereza. Siku ya kuipiga sheria hiyo mhuri, akaamuru: atakayesema Kiswahili humu ukumbini avishwe kibao shingoni, kama watoto wa shule, akae nacho mpaka mwingine akosee.

Ukumbi ukajaa. Wageni wa ng'ambo waliketi kando ya mtungi wa maji. Jiko la mkaa likayeyusha lakiri, ile nta ya kupigia mhuri. Gauni la Malkia lilikuwa na mkia wa hatua kumi, na mkia ule ukaangukia kwenye jiko hilo.

Mwatime akawa wa kwanza kuuona moto. Kiingereza hajui, Kiswahili anaogopa. Akaruka, akapiga makofi, akazungusha mikono. Watu wakadhani ni sherehe, wakapiga vigelegele. Malkia naye akainuka, akacheza! Akacheza mpaka mkia ukachomoka kwenye jiko, lakini ulikuwa umeshashika.

Bwana Sefania, mkalimani, akawa wa pili kuuona. Kiingereza anakijua, ila mbele ya Malkia hakuna kusema bila heshima. Akainama. Akamsifu Malkia, akamsifu baba yake Malkia, akawasalimu wageni, akaomba ruhusa. Alipolifikia neno la moto, moto ulikuwa umefika magotini kwa Malkia.

Kombo akawa wa tatu kuuona. "Moto! Vua gauni, Malkia!"

Malkia akalivua, akalirusha. Likatua kwenye pazia! Ndipo wageni, waliokuwa wamemwelewa Bwana Sefania peke yake, wakamwaga mtungi mzima. Moto ukazimika. Askari akamvisha Kombo kibao.

"Mama yangu weee, nimepona!" Malkia akapiga kelele.

Askari akakihamisha kibao, akamvisha Malkia.

"Haya, nimeshavaa, ngoja niseme vizuri," akasema Malkia. "Aliyeniokoa achukue mhuri, achague lugha ya nchi."

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka, askari akikimbia na kibao shingo hadi shingo.

"Bila mimi Malkia angebaki amekaa motoni," akasema Mwatime. "Nachagua Kiswahili. Kesi ya shamba langu iko mahakamani. Ikisemwa kwa lugha nisiyoijua, nitajuaje kama nimeshinda?"

"Bila mimi ukumbi ungekuwa majivu," akasema Bwana Sefania. "Nachagua Kiingereza. Waliokuwa na maji hawajui lugha nyingine."

"Bila mimi angeungua huku anasifiwa!" akasema Kombo. "Nachagua zote mbili, na hicho kibao kiwe kuni."

Malkia akamtazama huyu, akamtazama yule. Akainua mhuri, akaushusha. Lakiri ikaanza kuganda. Akatoka mbio hadi mlangoni, akiwa na gauni la ndani la maua, akawapungia watu waliojaa nje. Askari akamfuata akihema, akamvisha kibao kabla hajafungua mdomo.

"Nyinyi mnaosikiliza huko," akasema Malkia, "semeni upesi, tena kwa lugha yoyote: mhuri huu nimpe nani?"