Ng'ombe wa Mwaka na Barabara ya Kitopeni

Hebu nijibu, wewe uliyekaa hapo umekunja miguu: barabara iliyojengwa kwa maneno, mtu huikanyaga kwa mguu gani?

Usiharakishe. Hapo zamani, katika mji wa Zingwani, alitawala Sultani Badawi, mtu mnene wa heshima na mwembamba wa haya. Waziri wake wa hazina aliitwa Shaibu, ambaye alisomea ughaibuni akarudi na cheti kimoja na maneno mengi. Na katika mji huo huo palikuwa na kijana fukara, jina lake Ngwali. Huyu alikuwa amesoma nahau, hesabu na elimu ya nyota hata akahitimu, na kila alipopeleka ombi la kazi katika jumba la Sultani aliambiwa, "Tutakuita." Ikawa haitwi. Basi watu wakamwona mpumbavu, wakasema mwenye akili angesoma kidogo tu, akawa na mjomba ndani ya jumba.

Ngwali alikaa mtaa wa Kitopeni, ambako mvua ikinyesha njia hugeuka uji. Mwaka uliotangulia dada yake, Mwanashehe, alishikwa na uchungu, akabebwa juu ya kitanda apelekwe kwa mkunga. Wabebaji wakazama katikati ya njia, na mtoto akafia palepale kabla hajaliona jua. Sasa Mwanashehe alikuwa mjamzito tena, na mwezi wake umekwisha kuingia. Lakini safari hii watu wa Kitopeni walikuwa na tumaini, kwa kuwa walilia hata Sultani akatenga fungu la barabara katika bajeti ya mji, na siku ilipopitishwa wanawake walipiga vigelegele mpaka koo zikakauka.

Basi kabla jiwe la kwanza halijawekwa, Sikukuu ya Mwaka ikakaribia, na Sultani alikuwa amewaalika watawala wa miji jirani. Waziri Shaibu akasimama barazani akanena, "Ewe Maulana, sherehe ya ma-VIP haitaki mkono mfupi. Natoa hoja tuifanyie bajeti marekebisho, kitaalamu twaita riviu. Fungu la barabara ya Kitopeni lihamie kwenye sherehe."

"Na barabara?" akauliza Sultani. "Nimekwisha kuwaandikia wageni kuwa tumejenga barabara mpya."

"Barabara itabaki kwenye bajeti, Maulana. Ni pesa tu ndizo zitakazoondoka."

Wajumbe wote wakaunga mkono, na waliokuwa wamelala wakaamshwa wakaunga mkono nao. Ngwali, aliyekaa mlangoni pamoja na raia, akainuka akasema, "Maulana, wageni wakitaka kuiona hiyo barabara, tuwatandikie bajeti waikanyage?"

Raia wakacheka. Sultani hakucheka. Akaamuru mbiu ipigwe mji mzima: Barabara ya Kitopeni imekamilika, na yeyote atakayesema mle mna tope atachapwa viboko hadharani. Waziri, kwa kujua mambo, akaongeza sharti: ilani hiyo haifutwi na mtu yeyote, ila na baraza likiwa limeketi pamoja na Sultani mahali alipo, pakiwa na mtoa hoja na muunga mkono. "Ili wapiga kelele wasituchezee," akasema, akimtazama Ngwali.

"Naye huyu mwenye ulimi," akasema Sultani, "ndiye atakayemzungusha ng'ombe wa Mwaka. Ng'ombe akichelewa, huyu aondoke Zingwani na jamaa zake wote, asirudi."

Ngwali akamkumbuka dada yake na tumbo lake, akakubali.

Sasa uielewe desturi yao. Kila Mwaka, watu wa Zingwani humzungusha ng'ombe mji mzima, mtaa kwa mtaa, ili azoe nuksi za mwaka uliopita. Asipolikamilisha duara hachinjwi, na asipochinjwa hakuna karamu. Aliyeishika kamba haiachii wala hampi mtu mwingine, ila Sultani mwenyewe.

Siku ilipofika, mvua ilikuwa imekesha. Ngwali akashika kamba, akamwongoza ng'ombe mitaa yote, ngoma nyuma yake, mpaka wakafika Kitopeni. Pale ng'ombe akatia mguu, akatia wa pili, akashuka mpaka tumboni, akatulia kama aliyeajiriwa na serikali. Wapiga ngoma wakatawanyika. Ngwali akakaa juu ya jiwe, kamba mkononi.

Huko ikuluni wali ulikuwa umeiva, waimbaji wa kigeni wamekwisha kuimba mara mbili, na wageni wanatazamana. Akatumwa askari mbio.

"We Ngwali! Ng'ombe yuko wapi?"

"Si huyo barabarani."

"Mbona haji?"

"Muulize yeye. Mimi nimemwonyesha barabara, hataki kuiamini."

Askari akatazama, akaona pembe na mgongo tu. "Yakhe, huyu amezama kwenye..." Akajiziba mdomo.

"Malizia, kaka," akasema Ngwali. "Una mgongo mpana, viboko vitapata nafasi."

Askari akarudi akasema, "Maulana, ng'ombe yumo ndani ya barabara."

"Juu ya barabara, mjinga wewe."

"Ndani, Maulana. Zaidi ya hapo siwezi kusema, nina watoto."

Basi Sultani akaondoka kwa ghadhabu, amevaa joho la hariri lililonunuliwa kwa fungu lile lile, na baraza likamfuata, na wageni nao, maana mwenye njaa hafichiki. Walipofika, Liwali wa Mbwezi, mgeni mkubwa kupita wote, akapangusa kicheko kwa ncha ya kilemba, akauliza, "Ndiyo ile barabara uliyotuandikia, ndugu yangu?"

"Ndiyo," akasema Sultani. Angesema nini?

"Mashallah. Basi tangulia, mwenye mji ndiye hutangulia."

Sultani akamtazama Waziri, na Waziri akatazama mawingu. Sultani akapiga hatua moja, kiatu kikabaki. Akapiga ya pili, akashuka mpaka kiunoni ubavuni pa ng'ombe, hata ng'ombe akageuza kichwa kumtazama jirani yake mpya.

"Nitoeni!" akalia. "Nitoeni kwenye tope!"

Hakuna aliyesogea. Mtaa mzima wa Kitopeni ulikuwa umesimama kando.

"Ngwali! Huna macho? Nivute!"

"Nikuvute kutoka wapi, Maulana? Umesimama kwenye barabara iliyokamilika. Nikikutoa kwenye tope nitakuwa nimesema mna tope, na mgongo ninao huu mmoja."

"Naifuta ilani! Naifuta sasa hivi!"

"Huwezi peke yako, Maulana. Sheria yako. Sharti baraza liketi pamoja nawe, mahali ulipo."

Waziri Shaibu, akiwa mahali pakavu, akainua mkono. "Natoa hoja ilani ifutwe!"

"Hujaketi pamoja naye, Mheshimiwa," akasema Ngwali kwa adabu zote. "Hoja ya nje ya kikao haihesabiwi. Au huko ulikosoma ni vingine?"

Sultani alikuwa akizidi kushuka. Akanguruma, "Shaibu! Njoo uketi!"

Basi Waziri akaingia na kanzu yake, na wajumbe wakaingia mmoja mmoja, wakikunja nguo kama wavukao mto, hata wote wakaketi, tope likawafika vifuani. Wageni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Liwali wa Mbwezi akasema hajapata kuona baraza lililoingia ndani ya jambo kiasi hicho.

Watu walipokuwa wakicheka, Mwanashehe akasogea ukingoni, ameshika kiuno.

"Maulana, mwaka jana nilikuwa papo hapo ulipo. Nililia kama unavyolia. Mimi sikuitiwa kikao."

Kicheko kikakatika. Hata Liwali akainamisha uso.

Ngwali akasema, "Hoja, Maulana. Tope linangoja."

Ikawa Waziri Shaibu, kwa sauti ya mtu mwenye tope kidevuni, akatoa hoja: ilani ifutwe, na amri ya kumfukuza Ngwali nayo, fungu la barabara lirudi mahali pake, na kila kilichonunuliwa kwa fungu hilo kiuzwe siku hiyo hiyo, kuanzia hariri mpaka mahema. Wajumbe wakaunga mkono upesi, na safari hii hakuna aliyehitaji kuamshwa. Hapo watu wa Kitopeni wakaingia na kamba. Wakamtoa ng'ombe kwanza, kwa kuwa yeye hakuwa ameiba kitu, kisha Sultani, kisha wengine.

Siku ile ile mbao za jukwaa la sherehe zikang'olewa zikalazwa Kitopeni, na kesho yake mawe yakaanza kumwagwa. Wiki haikupita Mwanashehe akashikwa na uchungu, akapitishwa juu ya mbao zile, akafika kwa mkunga, akajifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kutisha.

Sultani, alipokwisha kuoga, akamwita Ngwali. Ndiyo, safari hii aliitwa. Akamwambia, "Kijana, umenifedhehesha na umenifunza. Nakufanya msimamizi wa barabara zote za Zingwani. Kwa kuanzia utafanya kwa kujitolea, upate uzoefu."

"Maulana," akajibu Ngwali, "huo uzoefu mpe Waziri, ndiye aliyeukosa. Mimi nataka mshahara."

Waliokuwapo wakaangua kicheko, na Sultani, aliyekwisha kuzoea kushindwa wiki ile, akacheka nao, akaamuru mshahara wa Waziri apewe Ngwali.

Nanyi waheshimiwa wa leo, mnaopitisha barabara zetu asubuhi na kuzichezea ngoma jioni, mkatuita tuje kuwapigia makofi juani: hatutaki riviu, hatutaki semina, wala msituambie fungu liko kwenye mchakato. Rudisheni pesa za barabara, zote, kabla ya masika, na mje mtuonyeshe wenyewe mlipoziweka. Tukisha kuiona barabara kwa macho, hapo ndipo mtualike kwenye sherehe.