Kisanduku cha Visu cha Mama Kapela

Sogeeni, wakubwa kwa watoto. Nina shauri limenishinda, nami nalimwaga hapa mbele yenu ili nanyi mlitazame.

Tabora kuna mama mmoja aitwaye Nyamizi, ambaye watu humwita Mama Kapela kwa jina la marehemu mumewe. Ana watoto watatu. Mkubwa ni Mihayo, dereva wa lori, aliyejaliwa jicho: kitu akikiona mara moja hakimtoki tena. Wa kati ni Kalunde, muuza vitenge, aliyejaliwa kauli: mtu aliyekusudia kupita tu hujikuta ameketi. Mziwanda ni Masele, fundi wa saa na kufuli, aliyejaliwa mikono.

Zamani mama huyo alikuwa mpishi wa misheni, enzi za mapadre Wafaransa. Kila padre alikuja na kisu chake cha kukunja mfukoni, na visu havikufanana, kwani kila upande wa nchi yao ulikuwa na kisu chake. Cha mmoja kilikuwa na mpini wa pembe uliopinda kidogo na nyuki mdogo wa chuma mgongoni. Cha mwingine kilikuwa na mpini wa mti na pete shingoni. Ukiizungusha, kisu hakijikunji. Kulikuwa na kinene cha wachungaji wa milimani, na cha mabaharia kilichokatwa ncha. Mapadre walikula kwa visu hivyo, wakavifuta kwa kipande cha mkate, wakavirudisha mfukoni.

Padre alipohamishwa, aliwauliza watumishi awaachie nini. Wengine waliomba blanketi au sufuria. Nyamizi aliomba kisu. Baadaye alianza kununua mwenyewe, kwa mafundi wa reli, minadani, na kwa wajukuu wa watumishi wa zamani wasiojua walichorithi. Vyote alivilaza katika kisanduku cha mninga kilichotandikwa kipande cha kanga, kila kisu na kitanda chake.

Kitanda kimoja kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha kisu cha kwanza, alichopewa na Padre Anselmi. Mumewe, mrina asali, alikwenda nacho msituni akaumwa na nyoka aina ya moma. Mtu asiyemfahamu alimkuta amelala chini, akampakia kwenye baiskeli na kumkokota mpaka zahanati. Kapela alipopata fahamu hakuwa na kitu kingine cha kumpa mtu yule, akampa kisu. Hata jina lake hakulishika. Mama hakuwahi kumlaumu mumewe, ila hakukubali kulaza kisu kingine pale.

Mwaka jana macho ya mama yaliingia ukungu. Akawaita wanawe.

“Sivioni tena, ninavipapasa tu,” aliwaambia. “Wala sitaki vigawanywe. Mkivigawa vitakuwa visu vya kukatia vitunguu. Atakayekirudisha cha Padre Anselmi, kisanduku chote ni chake.”

Wote watatu walikitaka. Mihayo, kwa sababu kila safari amekuwa akimtafutia mama visu na amekwisha kuvipenda. Kalunde, kwa sababu ndiye aliyekuwa akivipaka mafuta pamoja na mama tangu utotoni. Masele, kwa sababu ufundi alianza kujifunza kwa kufungua na kufunga visu hivyo.

Wa kwanza ni Mihayo. Alikuwa amepakia nyanya, akasimama Inyonga kula. Meza ya pili mtu mmoja alikuwa anakata nyama ya mbuzi kwa kisu kilichofungwa mpira wa baiskeli shingoni. Kwenye mpini wa pembe palikuwa na alama ya kuungua, yenye umbo la punje ya haragwe. Mihayo alikuwa mtoto mdogo mara ya mwisho kuiona alama ile, iliyotokea siku kisu kilipoangukia jikoni kwenye makaa. Kabla hajamaliza kunawa mikono, mtu yule alikuwa amepanda pikipiki na kuondoka. Mihayo akaliacha lori kando ya barabara, akakodi pikipiki nyingine, akamfuata kwenye njia za msituni mpaka nyumbani kwake. Aliitwa Katabi. Mihayo alimwomba amuuzie. Katabi akasema hakiuzwi. Mihayo akaongeza bei, na Katabi akamwonyesha njia ya kutokea. Aliporudi barabarani, nyanya zilikuwa zimeanza kuharibika kwa jua. Mwenye lori akampa dereva mwingine funguo. Mihayo alifika nyumbani bila kazi na bila kisu, akiwa na habari tu.

Wa pili ni Kalunde. Ulikuwa msimu wa wakulima kuuza tumbaku, wakati ambao muuza vitenge hupata riziki ya mwaka. Alifunga kibanda akaenda kwa Katabi. Hakutaja kisu. Alisaidia kupura mahindi, akapika na mke wa Katabi, akakaa mpaka mwenyeji mwenyewe akaanza kusimulia. Katabi alisema baba yake aliwahi kumkokota mtu aliyeumwa na nyoka, akapewa kisu kile, na mpaka anakufa alikuwa akijiuliza kama mtu yule alipona.

“Kisu hiki ni ahsante aliyopewa baba, wala sina kingine chake,” Katabi alisema. “Ahsante haiuzwi, dada.”

“Sikuja kununua,” Kalunde akamjibu. “Mtu yule alikuwa baba yangu. Alipona. Alirudi nyumbani akaishi, akarina asali miaka mingi. Mdogo wangu Masele alizaliwa baada ya safari ile. Baba yako asingepita pale, Masele asingekuwepo.”

Katabi akakitoa kisu mfukoni, akamwekea Kalunde kiganjani. Alisema sasa baba yake amejibiwa, na kwamba siku moja angependa kumwona huyo Masele. Kalunde alirudi Tabora msimu umekwisha, vitenge vyake bado vimekunjwa.

Mama alikipapasa kisu. Akakifungua, akakifunga, akakisikiliza. Kisha akakirudisha mkononi mwa Kalunde.

“Hiki ni maiti,” alisema. “Padre Anselmi hakuwa akiniita kuondoa sahani. Alikifunga kisu tu, nami jikoni nikasikia. Hiki hakisemi. Siwezi kukilaza pale.”

Na kweli, springi ya mgongoni ilikuwa imekatika, ndiyo maana Katabi alikifunga kwa mpira. Hapo akaja wa tatu, Masele. Alichonga springi kutoka kwenye chuma cha saa ya ukutani. Ikawa laini, kisu kikalegea. Akachonga nyingine kutoka kwenye msumeno. Alipokuwa akiikaza, ilikatika na kumpasua kiganja mpaka kwenye mishipa. Alishonwa, akakaa wiki kadhaa bila kushika bisibisi, na vidole viwili havikunji vizuri mpaka leo. Fundi wa saa bila vidole hivyo, mnaelewa ninachosema. Lakini kidonda kilipofunga alirudi mezani, akalainisha chuma kwa moto mdogo, akakizamisha kwenye mafuta kipoe, akakisugua polepole kwa mkono uliobaki mzima.

Siku hiyo mama alikuwa uani anachambua mchele kwa kupapasa. Masele, ndani, akakifunga kisu. Kikalia, sauti fupi na kavu.

Mama akaweka ungo chini, akasimama.

“Wamemaliza kula,” alisema. “Nendeni mkaondoe sahani.”

Ndani hapakuwa na sahani wala mtu aliyekuwa anakula. Kalunde alimshika mkono akampeleka kwenye kisanduku. Mama alikipokea kisu, akakifunga na kukifungua mara kadhaa huku machozi yanamtoka, kisha akakilaza kitandani pake. Kwa muda watoto wote watatu walifurahi pamoja.

Halafu ikabidi kisanduku kipate mwenyewe. Mihayo alisema bila jicho lake kisu kingekuwa bado kinakata nyama ya mbuzi Inyonga, na hakuna ambaye angejua. Kalunde alisema kuona si kupata, kwani Mihayo alikiona akafukuzwa. Yeye ndiye aliyekileta mlangoni. Masele alisema mama alikikataa kilichofika mlangoni, alikipokea kile kilichotoka mezani kwake. Wakarudia maneno hayo jioni ile na siku zilizofuata, sauti zikipanda. Sasa Mihayo haji kula kwa mama. Kalunde akija, Masele hutoka.

Ndipo Katabi akawasili, amekuja kumwona Masele kama alivyosema. Alimtazama, akamshika bega, akaangalia mkono wake wenye kovu. Hakudai chochote. Lakini mama alipomsikia ameketi sebuleni, akanong'ona kwa Kalunde jambo ambalo hakuna yeyote kati yao aliyelifikiria: “Ninyi mmekitafuta. Huyu alikuwa nacho, akakitoa. Nani amenirudishia?”

Swali hilo Mama Kapela hawezi kuliamua peke yake, ndiyo maana akanituma nije niwaulize. Yu hai, kisanduku kiko mapajani mwake, na hataki kivunjwe wala kugawanywa. Anachotaka ni kusikia mnavyoamua kabla hajafumba macho.

Kuna aliyekiona na kupoteza kazi. Kuna aliyekiomba kwa hadithi na kupoteza msimu. Kuna aliyekifufua na kupoteza vidole. Na kuna aliyekuwa na kumbukumbu moja tu ya baba yake, akaitoa.

Haya, semeni mmoja mmoja, tusikatizane. Kama kisanduku kingekuwa mapajani mwako wewe, ungemkabidhi nani, na wale wengine ungewaambia nini?