Chumvi ya Mzee Kavishe

Ukienda soko la ng'ambo, chumvi nunua nyumbani. Nimewaambia hivyo asubuhi mlipokuwa mnakunja viroba vyenu kwenda Loitokitok, ng'ambo ya mpaka, nanyi mkacheka, mkaniuliza kama chumvi ya huku ina asali. Kaeni basi. Msemo huu haukutoka kwa mababu. Ni mdogo kuliko mama yenu, na baadhi yetu tuliokuwepo ulipozaliwa bado tuna meno. Ulianza hivi.

Mwaka huo sukari ya upande wetu ilipanda bei mpaka tukaanza kunywa chai bila sukari na kujidai tumeizoea. Ng'ambo, mwendo wa saa mbili kwa miguu, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni vilikuwa karibu nusu ya bei ya huku. Nilikuwa mjane mwenye watoto sita, na Eligi, mjomba wenu, alikuwa shule ya bweni. Sitawadanganya kwamba safari zile zilikuwa za kijinga. Zilimsomesha. Anayemkataza maskini kwenda penye nafuu, huyo ameshiba.

Shida ilikuwa Mzee Dismas Kavishe. Duka lake lilikuwa la pekee hapa kilimani, chumba kimoja cha mbao kando ya njia ya kanisani. Mafuta ya taa yakiisha, kwa Kavishe. Mtoto akichemka homa alfajiri, unagonga kwa Kavishe, anakupa vidonge akiwa amejifunga shuka. Nilipofiwa na babu yenu, yeye ndiye aliyeleta sukari ya matanga kabla sijamtuma mtu, wala hakuitaja tena. Mtu wa namna hiyo utampitaje mlangoni na kilo kumi za sukari ya watu wengine kichwani?

Tulimpita. Mnajua wanawake wa huku hatukosi mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Basi tukitoka sokoni tulikata majani bondeni, tukaficha sukari na sabuni katikati, tukafunga kwa kamba za mgomba, kisha tukapita mbele ya duka kwa adabu zote: "Shikamoo, mzee!" Naye anaitikia, "Marahaba, wanangu. Poleni na majani." Watu wengine huficha mizigo wasionwe na watu wa forodha. Sisi tuliwapita hao wa forodha kifua mbele, maana vya kula nyumbani hawakutuuliza. Tuliyemwogopa ni mzee mmoja mwenye koti lililochanika kiwiko.

Jumamosi moja kamba yangu ilikatika. Ilikatika hapo hapo, mbele ya kizingiti chake. Majani yakatawanyika, mfuko ukapasuka, sukari ikamwagika mpaka kwenye ndara zake. Wenzangu wawili niliokuwa nao waliongeza mwendo kana kwamba hatujawahi kujuana. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kavishe aliingia ndani, akatoka na ungo. Akachuchumaa.

"Usiikanyage, Mama Eligi. Ya juu bado safi."

"Mzee, nisamehe. Nimekuwa nikipita hapa na..."

"Tangu mwezi wa tatu," alisema, huku akichota kwa viganja. "Majani gani yananukia sabuni? Au siku hizi ng'ombe wenu wanaoga?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Niseme nini, mwanangu? Ningekuwa na watoto sita, hata mimi ningekwenda. Bei siwezi kuishusha, nami naletewa ghali hivyo hivyo." Akapepeta sukari, akaimimina kwenye mfuko wake mwenyewe, akaufunga vizuri. "Ila Jumatano anakuja mtu kutoka mjini Mkuu kununua mizani na rafu zangu. Nafunga."

Ndipo nilipoangalia ndani. Viberiti vilikuwa vimepangwa kimoja kimoja, kwa nafasi, ili rafu isionekane tupu. Moyo uliniuma, wajukuu zangu. Nilikuwa nimepita mlango ule miezi mitano nikiangalia mbele.

"Tufanyeje, mzee?" nikamwambia. "Niseme kweli, sukari yako siiwezi."

"Sukari kanunue huko huko, sikukatazi. Niachieni chumvi tu. Chumvi inaliwa kila nyumba, na bei yake huku na huko haipishani sana. Mtu akija kwa chumvi atakumbuka na kiberiti. Mlango ukifunguka kwa ajili ya chumvi, utakuwa wazi na siku utakapopatwa na jambo."

Nilipita nyumba kwa nyumba siku tatu, kuanzia kwa wale wawili walionikimbia. Wengine walikubali mara moja. Kandida, jirani yangu, ambaye hata salamu huwa anataka apunguziwe, alinibishia.

"Chumvi ya ng'ambo nayo ina nafuu. Shilingi kumi nzima!"

"Hiyo shilingi kumi ndiyo itakayokuamkia alfajiri mtoto wako akichemka?"

Akaingia ndani kutafuta bakuli. Kandida kukubali bila kupunguziwa ni jambo kubwa.

Jumatano yule mnunuzi alifika na pikapu lake, akakuta foleni ya wanawake kutoka mlangoni mpaka njiani, kila mmoja na bakuli. Alisimama akisikiliza: chumvi, chumvi, chumvi na kiberiti, chumvi.

"Jamani, huku mnakula chumvi tupu?"

"Tunakula na mboga," akajibu Kandida. "Nawe panga mstari."

Kavishe alimtazama juu ya vichwa vyetu. "Niwie radhi, bwana. Leo mizani ina kazi."

Mnunuzi wa watu aliondoka na kilo mbili za chumvi asizozihitaji, maana tulimkazia macho. Kavishe hakutajirika, ila hakufunga. Kila Jumamosi tukawa tunapita na mizigo yetu wazi kabisa, sukari juu, majani chini, naye anatuuliza bei za sokoni kama mtu anayeuliza habari za mvua.

Miaka ilipita, bei zikageuka, kama zinavyogeuka hadi leo. Sasa nafuu ikawa kwetu, na wanawake wa ng'ambo ndio waliokuwa wakipanda kilima. Siku moja nilikuwa dukani, akaingia mwanamke mmoja Mkamba aitwaye Nduku, bado kijana, mtoto mgongoni. Alinunua sukari, unga na mafuta. Kavishe akachovya kata kwenye gunia la chumvi.

"Na chumvi nikupimie? Ni rahisi kuliko ya kwenu."

Nduku alitikisa kichwa. "Hapana, baba. Hiyo nitanunua kwetu. Kuna mama mmoja karibu na sisi, ana kibanda. Nikimaliza kila kitu huku, atafunga. Na mtoto huyu alipougua, ni yeye alinifungulia."

Kavishe alibaki na kata mkononi. Nilidhani amechukia kukosa mauzo. Kumbe alikuwa akihangaika na machozi, mzee wa watu, mbele ya wanawake wawili na mtoto. Akairudisha kata, akafungua mfuko wa sukari wa Nduku uliokwisha kupimwa, akaongeza kiganja, akaongeza kingine.

"Hii ya nini, baba?" Nduku akauliza. "Umeshanipimia."

"Ya huyo mama wa kibanda. Mpelekee, umwambie imetoka kwa Kavishe. Na wenzako wa huko uwaambie: ukienda soko la ng'ambo, chumvi nunua nyumbani."