Mizinga Ishirini ya Kalunde

Mzinga mpya una nafasi, asali bado.

Huku kwetu Sikonge vijana huitamka methali hii nusu ya kwanza tu, tena kwa shangwe. Ndivyo alivyofanya Shija siku aliyopata barua ya kazi kutoka kwa kampuni ya watu wanne waliopanga chumba kimoja mjini Tabora, wakitengeneza programu ya simu ya kuwakutanisha wakulima na wenye malori.

"Bibi, mimi ndiye nitakuwa mtu wa tano! Mzinga mpya una nafasi!"

Bi Nyamizi alikuwa akimenya karanga. Hakuinua kichwa. "Hongera, mume wangu. Lakini mbona mkia wa methali umeuacha mlangoni?"

"Kumbe ina mkia?" akauliza Sada, dada yake Shija. "Nani aliianzisha, Bibi?"

"Aliyeianzisha nilikaa naye benchi moja miaka minane, tukifunga vifuniko vya chupa za asali. Haya, menyeni na nyie, mdomo wangu hauwezi kufanya kazi peke yake."

Basi chanzo cha methali hii ni mwanamke mmoja aliyeitwa Kalunde.

Kalunde alikuwa binti wa mfuga nyuki, Mzee Mihayo. Tangu utoto aliweza kuweka sikio kwenye mzinga akakuambia nyuki wameshiba au wana njaa. Lakini kwenye Ghala la Zamani, alikoajiriwa kufunga chupa za asali, hayo hayakuwa na kazi. Pale mtu alikaa kwa kufuata miaka yake ya kazi, na aliyetangulia ndiye aliyesema. Siku moja Kalunde alimwambia msimamizi kwamba pipa moja linanukia uchachu. "Wewe ni wa vifuniko," akajibiwa. Baada ya wiki pipa likafura povu hadi sakafuni, na hakuna aliyekumbuka kwamba alisema. Hata hivyo mwezi ulipoisha mshahara ulikuja, na mtoto wake Tatu alipougua, mwingine alimshikia nafasi.

Ndipo akaja Maganga. Alikuwa kijana mwenye banda la mabati, rafiki wawili, na mizinga arobaini ambayo bado haijatundikwa.

"Dada Kalunde, njoo uwe mkuu wa mizinga."

"Na mshahara?"

"Asali ikija, tutakula wote."

Kalunde alicheka. Lakini kwa siku tatu kila kifuniko alichokaza kilimwambia: mkuu, mkuu. Siku ya nne akaaga.

Mama mkwe wake alishika kiuno. "Umeacha chungu kinachochemka, unakimbilia mafiga matupu!"

Lo, lakini miezi ile ya kwanza ilikuwa mitamu! Kalunde alichagua miti mwenyewe. Akaipaka mizinga nta kwa mkono wake ili iwavute nyuki. Huku kwetu mwanamke hakupanda mti kutundika mzinga, lakini Maganga alimpa kamba, akasema tu, "Panda." Siku moja Kalunde alisema mizinga iko karibu mno na njia ya ng'ombe, nyuki hawatatulia. Hakuna aliyebisha. Siku hiyohiyo yote arobaini ikahamishwa. Alirudi nyumbani anaimba, miguu imejaa miiba.

Utamu huo ulikuwa na bei yake. Mkuu wa mizinga ndiye pia aliyefagia banda, akateka maji, akaandika barua. Tatu alipopata homa hakukuwa na wa kushika nafasi. Akambeba mgongoni hadi msituni. Na kila jioni mtoto aliuliza swali lilelile: "Mama, asali yako iko wapi?" Mama mkwe alikohoa tu pembeni, na kikohozi kile kilikuwa hotuba nzima.

Januari nyuki waliingia, mizinga yote arobaini. Mzee Mihayo alikuja kuiona, akamkumbusha binti yake sheria ya wafuga nyuki: "Mgeni haombwi chakula siku anayofika. Mwaka wa kwanza usimguse nyuki mpaka maua ya mwisho wa mvua yapukutike. Ukimwahi, atajua amefika kwa wezi."

Mwezi Machi, mvua ikiwa bado inanyesha, ilikuja barua. Mnunuzi mkubwa wa Dar es Salaam angefika Jumamosi, na alitaka kuonja asali ya mizinga yao wenyewe.

Wote wanne wakakaa bandani. Maganga akaigeuza barua mara mbili.

"Mwambie aje Juni," akasema mmoja wa wale rafiki.

"Huyu hapangiwi tarehe kama fundi cherehani," akasema mwingine. "Asipoonja kwetu ataonja Ghala la Zamani."

Maganga akamgeukia Kalunde. "Dada, mkuu wa mizinga ni wewe. Utakalosema ndilo."

Kalunde alilijua jibu. Alikuwa nalo tangu utoto. Lakini wakati ule alimwona Tatu akilini akiuliza, akakisikia kile kikohozi cha mama mkwe. Akajiona akiingia nyumbani na chupa moja, moja tu.

"Tufungue mitano," akasema. "Mitano haitajulikana."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alhamisi alasiri walipuliza moshi. Masega yalikuwa meupe, mepesi kama karatasi, yamejaa majana, yaani watoto wa nyuki, na asali iliyokuwamo ilichuruzika kama maji. Mitano haikujaza nusu ya chupa. Wakafungua kumi. Kisha ishirini. Chupa ikajaa moja, na Kalunde hakuipeleka nyumbani.

Jumamosi mnunuzi akachovya kijiko, akaonja, akatikisa kichwa. "Hii ni changa. Nitarudi ikikomaa." Hakukasirika hata kidogo. Kumbe angengoja!

Jumatatu Kalunde aliweka sikio kwenye mzinga wa kwanza. Kimya. Wa pili, kimya. Alipanda miti ishirini siku hiyo. Nyuki walikuwa wamehama, wameacha majana yao yakifa ndani ya masega.

Alimkuta Maganga amekalia ndoo iliyopinduliwa.

"Tumekosea," Maganga akasema.

"Nimekosea mimi. Nilijua. Nitukane basi!"

"Tulikuwa wanne pale, dada."

Lile "tu" lilimchoma kuliko tusi. Kule Ghala la Zamani neno lake halikuweza kuokoa pipa, lakini pia halikuweza kumuua nyuki hata mmoja. Hapa neno lake lilihamisha mizinga arobaini kwa siku moja, na neno lilelile likaikausha ishirini.

"Imebaki ishirini," Maganga akamsihi. "Miti uliichagua wewe. Subiri maua."

Hakuweza. Kila alipoitazama ile iliyobaki, alisikia ile iliyonyamaza. Akarudi Ghala la Zamani, akapewa mwisho wa benchi, chini ya wasichana aliowafundisha kazi yeye mwenyewe.

"Mkuu wa mizinga karudi!" karani akamtania. "Haya tuambie, huko kulikuwaje?"

Kalunde akachukua kifuniko. "Mzinga mpya una nafasi," akasema, na benchi zima likacheka. Akakikaza kile kifuniko hadi mwisho, ndipo akamalizia: "Asali bado." Hapo hakucheka mtu.

Bi Nyamizi alipuliza maganda ya karanga kwenye ungo.

"Mwezi Juni Maganga alimletea Kalunde chupa. Asali nzito, rangi ya mbao. Na kikaratasi: 'Ya miti uliyoichagua.' Tatu akachovya kidole, akamuuliza, 'Mama, ndiyo asali yako?' Nilikuwepo. Kalunde akakaza kifuniko, akaiweka kabatini. Chupa ile ilikaa humo mpaka ikaganda."

Shija aliitazama barua yake. "Kwa hiyo nisiende, Bibi?"

"Nani kasema? Kalunde hakujuta kwenda, hata siku moja. Alijuta kufungua mapema. Na alipozeeka aliniambia kilichomuuma zaidi: aliondoka mapema."

Shija akaikunja barua taratibu, akaitia mfukoni.

"Mzinga mpya una nafasi," akasema, safari hii bila kelele. Kisha akamalizia: "Asali bado."