Shavu la Kushoto la Sultani

Palikuwa na sultani mmoja, jina lake Zahoro, mtawala wa mji wa Mvumoni, mtu mkono wa birika aliyetaka mambo makubwa kwa gharama ya kikombe cha kahawa. Shule ya mji ule ilikuwa na walimu saba, wote wenye mwandiko mzuri, na yeye Sultani alikuwa na hamu ya watu wa kuandika sifa zake. Basi akachukua sita, akawafanya makarani wa kasri. Shuleni akabaki Mwalimu Vuai peke yake na watoto zaidi ya mia mbili.

Mwaka wa tatu wazazi walipokwenda kumlilia, Sultani aliwatazama kama watu waliopungukiwa akili.

"Mwalimu ni mwalimu," akasema. "Akifundisha watoto kumi, akifundisha mia mbili, maneno ni yaleyale. Ikifika Idi na watoto hawajui kusoma, Vuai ataondoka mjini kwangu, yeye na mkewe na vyungu vyao!"

Haya. Miongoni mwa wazazi wale alikuwamo Machano, kinyozi wa Sultani. Maskini wa kutupwa, kanzu moja, akiifua anashinda ndani. Lakini mdomo, ee, mdomo alikuwa nao. Binti yake Riziki alikuwa na miaka mitatu shuleni, anakaa nyuma kabisa, na alichojifunza vizuri ni visogo vya wenzake. Jambo hilo lilimuuma Machano. Tena alimhurumia sana Mwalimu Vuai. Maskini, sauti ilikuwa imemkauka kwa kupiga kelele, hata nazi sokoni alikuwa akinunua kwa kuonyesha vidole.

Idi ikafika. Watoto hawajui kusoma, wangejulia wapi? Vuai akaanza kufungasha virago. Asubuhi hiyohiyo Sultani akamwita Machano aje amnyoe ndevu kabla hajatoka mbele ya watu. Kinyozi mwingine asingemwita. Kwa habari ya koo lake na wembe, Sultani hakumwamini mtu mwingine duniani.

Machano akaingia, akapiga magoti. "Maulana, leo nimepata njia ya kukupunguzia gharama. Makarani wako nao wana ndevu. Niwanyoe nyote kwa mkupuo mmoja, na ujira nichukue wa mtu mmoja."

Sultani kusikia hivyo, meno yote nje. "Umeanza kupata akili, Machano!"

Machano akawapanga mkekani. Sultani mbele, makarani sita nyuma yake. Akawapaka povu nyuso zote, wakawa weupe pe! Akaanza na Sultani, shavu la kulia, akalinyoa vizuri likawa laini kama yai. Akahamia kwa karani wa kwanza, akamkwangua kidevu kidogo. Wa pili akampitishia wembe chini ya sikio. Wa mwisho alimpungia mkono tu. Kisha akakunja wembe, akajifuta mikono.

"Tayari. Mmefaulu wote. Idi njema."

Sultani akajipapasa shavu la kulia: yai. Akajipapasa la kushoto: kichaka.

"Wee Machano! Na huku je?"

"Huko sikufika, Maulana. Kipindi kimekwisha."

"Kimekwisha vipi, na mimi nina nusu uso?"

"Kinyozi ni kinyozi, Maulana. Akinyoa mmoja, akinyoa saba, wembe ni uleule."

"Usinichezee! Mimi nimekaa kimya, sikutikisika, shingo nimekutolea. Kosa langu liko wapi?"

"Huna kosa. Hata Riziki wangu hana. Naye amekaa kimya miaka mitatu."

"Basi mzembe ni wewe!"

"Mimi? Tangu niingie mkono wangu haujapumzika. Muulize yule wa mwisho kama hakuniona."

Karani wa mwisho, povu limemkaukia usoni, akajibu kwa adabu zote: "Nilimwona, Maulana. Kwa mbali."

Wenzake wakauma midomo. Wale walikuwa walimu, jamani, somo walikwisha kulielewa zamani. Huko nje ngoma zinalia, umati umejaa uwanjani, watu wanamtaka Sultani wao wampe mkono wa Idi. Sultani akajaribu kukishusha kilemba hadi kidevuni. Akaonekana kama mtu anayeumwa jino. Akakivua, akakitupa.

"Nitakukata kichwa wewe!"

Hapo Machano aliogopa, nisiwadanganye. Lakini mdomo ulikwisha kutangulia.

"Kikate, Maulana. Ila watu watauliza kimekatwa kwa sababu gani, na wakikutazama usoni watajijibu wenyewe."

Ngoma zikazidi. Mlinzi akachungulia mlangoni kusema watu wanauliza, akauona uso wa bwana wake, akarudi nje mbio akiwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

"Unataka nini?" Sultani akauliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu Vuai abaki na nyumba yake na vyungu vyake."

"Abaki. Nimekwisha sema. Njoo umalize."

"Na hawa sita warudi shuleni."

Sultani akawageukia makarani wake. Akawaza ni nani sasa atakayemwandika kuwa ni simba, ni mwezi, ni mvua ya masika. Roho ikamwuma.

"Watarudi," akasema. "Nimekupa neno langu, neno la sultani. Ila Idi ipite kwanza."

Machano akautia wembe mkobani, akaukaza mkoba kamba, akainama kwa heshima mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Hakuna taabu, Maulana. Na shavu la kushoto nitalirudia. Ila Idi ipite kwanza."